Ruzuku ya Tovuti ya Mlima

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye ofisi moja mjini Katesh, mbele yangu kwenye foleni, kijana anayeongoza wageni Mlima Hanang aliomba ruzuku ndogo ya kutengeneza tovuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tovuti yenyewe iko wapi?" ofisa akauliza.

"Ndiyo tunayoiombea."

"Hatusaidii kitu ambacho hakipo."

"Na ikiwepo?"

"Mtakuwa mmeshajiweza."

Kijana alikunja kofia yake. "Basi naenda machimboni. Huku wageni hawaji."

"Safari njema," ofisa alisema, kwa upole kabisa.

Kumbe mlima wetu utasaidiwa kujulikana ukishajulikana.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kijijini kwa yule kijana, Gendabi, nimwombe anipandishe mlimani. Alishaondoka. Mama yake alikuwa akiuza viatu vya mwanawe vya kupandia mlima. Nilivijaribu, vikanipwaya. Nikamwambia vinanitosha.