Bastola Isiyo na Komeo

Asubuhi ile tulikuwa tunapika wali kambini, ng'ambo ya mpaka, mimi na Festo. Yeye Mhehe wa Iringa, dereva wa lori. Mimi mtoto wa mashine za mpunga Rujewa, fundi silaha wa kikosi. Alikuwa akinitania kwamba Msangu kama mimi akikosa wali siku moja anaandika wosia.

Akatoa bastola. Bunduki ilimsumbua kwenye usukani, kwa hiyo alitembea na hiyo, aliyoiokota porini.

"Fundi, nikifyatua inaruka mno mkononi. Hebu iangalie."

Nikaifungua. Iliundwa kwa risasi ndogo: chuma cha juu, kile kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, kinazuiwa na uzito wake na springi tu, basi. Mtu alikuwa ameitanua iweze kula risasi zetu, zenye nguvu. Risasi ya nguvu inataka komeo: mtutu na chuma cha juu vishikane kwanza, risasi itoke, ndipo vifunguke. Ile haikuwa na komeo.

Nililijua hilo. Nilifundishwa, nikafaulu mtihani.

Lakini mikono yangu ilijifunza Rujewa kwanza. Kule mlango wa kutolea mchele ukisukumwa mno, fundi anaongeza springi, kazi inaendelea. Nikaweka springi ngumu. Nikajaribu risasi tatu, ikatulia.

"Haya, hairuki tena."

"Wewe ndiye fundi bwana!" akasema, akaichomeka kiunoni.

Siku ya tano msafara wetu ulishambuliwa. Nilikuwa lori la nyuma.

Festo aliruka chini.

Akafyatua mara moja.

Ya pili haikutoka. Nilimwona akiivuta, akiivuta.

Wakampiga risasi, akaanguka.

Baadaye niliiokota. Chuma cha juu kilikuwa kimepasuka na kung'ang'ania. Jamani, si ningeitupa tu mtoni! Angeninunia siku mbili, yangeisha.

Sasa natengeneza cherehani Mwanjelwa. Mteja akiniambia nikaze springi, naweka bisibisi chini kwanza. Bado namwona akivuta.

Mwaka jana nilikwenda Iringa kwa mama yake, nimedhamiria kumweleza ukweli wote. Alinikaribisha, akanishika mikono yote miwili, akaanza yeye.

"Festo aliniambia kwenye simu nisiwe na hofu, silaha yake umeitengeneza wewe. Mungu aibariki mikono hii, mwanangu."

Hakuiachia. Nilifungua mdomo.

"Amina, mama," nikasema.