Nusu Kipara kwa Sababu ya Riwaya

Kinyozi wetu tunamwita Machozi, na jina limemkaa sawasawa. Kifua kama kabati, lakini mpe riwaya ya huzuni uone. Huisoma huku ananyoa, kaiegemeza kwenye kioo, chupa ya spiriti inashikilia kurasa. Tena ana mtindo wake: humaliza upande mmoja wa kichwa kabisa, ndipo ahamie wa pili. Tumemsema mpaka tumechoka.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, mzee aliyeshatangaza kwamba mchelewaji hampi hata paka, sembuse binti. Nikamwambia Machozi, "Leo funga hicho kitabu." Akaapa. Upande wa kulia ukaisha, nang'aa. Mara mashine ikazimwa. Kugeuka, jitu zima linalia kwikwi.

"Mama kamwacha mtoto kituoni, kaka! Kamwambia ahesabu mabasi, atarudi!"

"Na mimi je? Nina nusu kipara!"

"Nikinyoa huku nalia hivi, nitakukata sikio."

Nikamnyang'anya kitabu ili nikakitupe nje. Loo, laiti nisingechungulia! Mtoto alikuwa amefika mwisho wa namba anazozijua, akaanza upya na moja. Nikakaa. Nikafunua ukurasa. Kitabu kinakuchoma moyo na bado hukiachi. Huo si uandishi, ni uonevu! Simu ya mchumba ikaita, nikaizima. Na mimi nikaanza kulia.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Mzee mwenyewe huyo! Binti yake kamwelekeza, kaja kunitafuta, amekunja ndita. Akatukuta wanaume wazima wawili tunagombania taulo la kufutia machozi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mzee," Machozi akajibu. "Mtoto anamngoja mama yake kituoni, na mama harudi."

"Kituo gani? Twendeni tukamchukue!"

Tukatazamana. Machozi akamwonyesha kitabu. Nikajua ndoa yangu imeota mbawa. Mzee akakipokea, akasoma ukurasa, akasoma wa pili, akavua miwani akaifuta. Kisha akavuta kiti, akanirudishia kitabu.

"Macho hayaoni vizuri sasa," alisema. "Soma kwa sauti, mkwe."

Hapo nikalia upya, na safari hii mtoto wa watu hakuhusika kabisa.