Mkono Ulionukia Kitunguu

Vuta kiti, mwanangu, ukae. Najua kukaa ni kazi kwako siku hizi. Jumapili baada ya misa nilikuona umesimama mlangoni mwa kanisa, unazungusha funguo kidoleni, macho yako barabarani kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Uliniambia kwamba Jumatano unafunga na kikundi cha maombi Katuba, Ijumaa unakesha na kingine Ruashi, na nyumbani unasikiliza mahubiri kwenye simu mpaka betri inaisha, lakini moyo wako bado hautulii. Kisha ukasema, haraka haraka, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba baba yako haamki tena kitandani. Halafu ukaniuliza, mimi mzee wako: "Papa, Mungu ananisikia kweli?"

Sikukujibu pale. Watu walikuwa wengi, na jibu langu ni refu. Leo nakujibu, na nitakujibu kwa kukusimulia siku moja ya ujana wangu, siku niliyorudi hospitalini nikakuta kitanda cha mama yangu hakina mtu.

Wakati huo nilikuwa kijana kama wewe, najifunza ufundi katika karakana ya magari Kamalondo. Baba yangu, aliyetoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, alikuwa ameshafariki. Dada yangu wa pekee alikuwa ameolewa Lukafu, analima huko, na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Kwa hiyo mama alipovimba tumbo na kulazwa, hakukuwa na mtu mwingine. Unazijua hospitali zetu: mgonjwa hawezi kukaa bila garde-malade, mtu wake wa kumpikia uani, kumfulia nguo, kukimbilia dawa, na kuitika dokta anapoita. Garde-malade wa mama alikuwa mimi.

Pale uani, penye mbabula, majiko yetu ya makaa, na masufuria, nilikuwa mwanaume peke yangu katikati ya kina mama. Walinicheka kwa bukari yangu, ugali wetu wa kila siku, mpaka wakanizoea.

"We mupishi!" mmoja alipiga kelele siku ya kwanza. "Ile bukari ni ya kula ao ni ya kujengea nyumba?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Mwewa. Huyu alikuwa muuza vitunguu wa soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, na binti yake, aliyevunjika paja, alilala kitanda cha jirani na mama yangu. Biashara hakuiacha hata hospitalini. Alikuja na gunia lake, akaliweka karibu na mbabula yake, akawa anawauzia kina mama wengine. Mikono yake ilinukia kitunguu asubuhi, mchana na jioni; hakuna sabuni iliyoweza kuitoa harufu ile. Kumwogesha mama kulinishinda, kwa heshima ya mtoto wa kiume kwa mzazi wake. Mama Mwewa aliichukua kazi hiyo bila kuombwa, akiniambia tu, "Toka inje kidogo, tata."

Dokta alinieleza vizuri. Ndani ya tumbo la mama kulikuwa na uvimbe. Watampasua, lakini kwanza apate nguvu kidogo, na hawezi kusema ni siku gani hasa. "Siku tutakayoita," alisema, "mtu wake awe karibu. Asiingie kule peke yake na hofu."

Mtu wake awe karibu. Maneno mepesi kabisa, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa na moto miguuni.

Ngoja nikueleze nilivyokuwa nafikiri, maana nadhani nawe unafikiri hivyo hivyo. Nilimwona Mungu kama mkubwa wa ofisi ya mjini. Unakwenda mlango huu, unaambiwa sio hapa. Unakwenda mlango ule, unaambiwa njoo kesho. Ukimpata mtu anayemjua mtu, pengine utaingizwa ndani. Nikaamini kwamba kama mama haponi, ni kwa sababu sijaufikia mlango wenyewe. Nikaanza kuutafuta. Nilikwenda kwenye chumba cha maombi Katuba, nikapiga magoti mpaka yakaota sugu. Nikahamia kwa mama mmoja wa Kampemba aliyesifiwa kwa maombi ya alfajiri. Sisemi vibaya juu ya watu wale. Waliniombea kwa moyo mweupe na nyumbani kwao nilipewa chai. Tabu haikuwa kwao. Kila nilipoambiwa Amina, nilikuwa nimeshashika baiskeli yangu kwenda kwingine.

Na kila niliporudi, mama alinigusa mkono na kusema neno lile lile: "Kaa kidogo, Ngoy."

Ningekaa. Dakika chache. Mguu wangu mmoja ungeanza kutikisika wenyewe, kitanda cha chuma kikaanza kulia, na mama angefumba macho asionyeshe kwamba kinamuumiza.

Kisha nikasikia habari za mtu aliyekuwa akiombea watu porini upande wa Luano, karibu na kiwanja cha ndege. Asubuhi yake nilimpa mama uji, nikatafuta kofia yangu.

"Unaenda wapi tena?" mama aliuliza.

"Naenda kuomba, mama."

"Na hapa, Mungu haiko?"

"Iko, mama. Lakini kule iko na nguvu zaidi."

Mama Mwewa, aliyekuwa akimsuka binti yake, alisikia. "Kule wapi?"

"Luano."

"Luano! Ku kiwanja ya ndege?" Aliweka chanuo chini. "Kumbe Mungu anashukaka na ndege! Utaangalia kama amekuja na valizi ya nguo."

Chumba kizima kilicheka. Mama pia alicheka, mkono juu ya tumbo. Mimi sikucheka. Nilitoka nimekasirika, na kofia nikaisahau.

Kule Luano tulikuwa watu wengi chini ya jua. Tuliambiwa tusiondoke kabla ya jioni, maana baraka inakuja mwishoni. Nilifumba macho, nikajaribu Baba Yetu, na sikuweza kuvuka maneno mawili ya kwanza. Nilikuwa nikitazama dalili: upepo ukivuma, nilijiuliza kama ndiye, ndege ikipita juu na kuzima sauti za waombaji, niliona kama mtu anatufungia mlango. Katikati ya zile kelele ikanijia sauti ya mama akisema kaa kidogo, na mara nikajua kwamba niko mahali pasipo pangu. Siwezi kukueleza nilijuaje. Niliinuka katikati ya wimbo, nikapanda baiskeli, nikakanyaga mpaka nikaona giza machoni mchana kweupe.

Nilipoingia chumbani, kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limetolewa. Kikwembe cha mama, kile cha maua ya bluu alichojifunika kila siku, hakipo. Binti wa Mama Mwewa alikuwa amelala usingizi, na mama yake hayupo.

Nilikimbia uani. Kwenye mbabula ya Mama Mwewa sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeungua, inatoa moshi, na hakuna mtu aliyekuwa akiiangalia. Hilo liliniogopesha kuliko kitanda. Mama Mwewa hakuwa mtu wa kuunguza chakula.

"Mama yangu iko wapi?"

Wale kina mama, waliokuwa na utani wa kila saa, walitazamana. Mmoja akajibu, "Bamemupeleka ku operasio. Balikuita, Ngoy. Balikuita sana, hakuna muntu. Mama Mwewa njo ameitika."

Nilimkuta kwenye benchi mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, kikwembe cha maua ya bluu kimekunjwa mapajani mwake. Hakunisalimu. Nilianza kutembea mbele yake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Kaa."

"Siwezi, mama."

"Kaa, unanizungusha kichwa."

Sikukaa. Nikasema, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu, "Nilikuwa namuombea."

"Najua," alisema. "Mama yako alisema vile vile. Walipokuja kumubeba alikutafuta na macho. Dokta akauliza, mutoto wake iko wapi? Akajibu, mutoto wangu iko kuniombea. Alikuwa analia, Ngoy, lakini alikutetea."

Hapo nilikaa, si kwa utii.

Mama Mwewa hakuwa amemaliza. "Mutoto wangu, Mungu haiko mukubwa wa bureau. Hauna haja ya kupanga mulolongo, hauna haja ya kutafuta muntu wa kukuingiza. Uko unakimbia, unamupita mu njia. Tangu ulifika hapa, iko ku kile kitanda. Weye njo ulikuwa unatoka."

"Atapona?" niliuliza.

"Sijui. Akipona, Mungu iko. Akikufa, Mungu iko."

Nilimkasirikia, mwanangu. Nilimwambia kwa sauti asitaje kifo mbele ya mlango ule. Hakukasirika. Alisema polepole, "Miye nilizika batoto. Najua ile ninasema." Kisha akaweka mkono wake juu ya goti langu lililokuwa likitikisika, akauacha pale. Ulikuwa mzito, mkavu, na ulinukia kitunguu.

Sikuwa na maombi yoyote yaliyobaki. Nilisema moyoni: Uko hapa. Basi na mimi niko hapa. Hayo tu. Hakuna sauti iliyonijibu, hakuna joto lililonishukia. Hofu haikuondoka, ilikaa nami kwenye benchi. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mama alazwe sikuwa nikitafuta mahali pengine pa kuwa. Tulikaa hivyo mpaka mlango ukafunguka na dokta akatoka, amechoka, akatuambia mama anapumua vizuri.

Kesho yake mama alipata sauti. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeshika mkono wake, na nilijua kuna jambo lazima niliseme kabla hajanishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya.

Yeye akatangulia. "Wakati balikuwa bananisukuma kule," alisema, "niliomba. Nilisema, Mungu, mutoto wangu haiko, basi unishike mukono we mwenyewe. Na mukono ukakuja."

"Haikuwa mimi, mama. Ilikuwa Mama Mwewa."

"Najua haikuwa weye. Ya kwako inanukaka mafuta ya gari." Alipumzika kidogo, akatabasamu macho yamefumbwa. "Ile ilikuwa inanuka kitunguu."

Kutoka kitanda cha pili sauti ya Mama Mwewa ikasikika: "Kumbe! Basi Mungu anauzishaka mu soko ya Kenya!"

"Usinichekeshe," mama alimwomba, ameshika tumbo. "Nyuzi itakatika."

Mimi nililia, na wao wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Mama aliomba sala fupi kuliko zote nilizoombewa Katuba, Kampemba na Luano, na ilijibiwa kabla hajafika mlangoni. Haikujibiwa na mwanga wala na sauti. Ilijibiwa na mwanamke aliyeacha sombe iungue motoni. Upendo wa Mungu ulikuwa umeshafika chumbani mle siku nyingi: ulimwogesha mama, ulimsuka binti, ulinicheka bukari yangu. Mimi niliupita kila asubuhi nikienda kuutafuta kwa baiskeli.

Sisemi uache kufunga wala kukesha. Omba na wenzako. Mimi mwenyewe bado nakwenda. Lakini jiulize unapotoka nyumbani: unakwenda kuomba, au unakimbia kitanda ambacho huwezi kukitazama? Mimi nilikuwa nakimbia. Nilimwogopa mama yangu aliye mgonjwa, nikaiita hofu hiyo imani. Anayeamini kwamba Mungu yuko naye anaweza kukaa mahali penye maumivu bila kuwa na dawa mkononi.

Wala siahidi kwamba ukikaa, baba yako ataamka. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, kisha akafariki, nyumbani, mchana, mkono wake ndani ya wangu. Sala zangu hazikumzuia asiende. Lakini hakwenda peke yake, na mimi sikubaki peke yangu, na hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Mama Mwewa alisema kweli pale kwenye benchi, ingawa nilihitaji miaka mingi ili hasira yangu iishe.

Usifikiri kwamba nimepona kutotulia. Mwaka huu mjukuu wangu alipopata homa kali, nilijikuta nimeshavaa viatu, sijui nakwenda wapi. Nilivivua. Nikarudi nikakaa. Mguu wangu ulitikisika muda mrefu, na Mungu akanivumilia na mguu wangu. Atakuvumilia na wewe. Hakusubiri utulie ndipo akupende.

Mungu aliyemtumia mama yangu mkono, mwanangu, akuonyeshe mikono aliyokwisha kukutumia, na akufanye mkono kwa mwingine. Akae nawe katika hofu yako, na katika nyumba ya baba yako asikosekane mtu wa kuitika.

Sasa nenda nyumbani. Usipite Ruashi. Zima simu, ingiza kiti katika chumba cha baba yako, kaa karibu naye, umshike mkono.