Ngome Niliyoijenga kwa Mdomo Ujiji

Nikipita mtaa ule wa Ujiji hata leo nainamisha uso, na nyie chekeni tu, maana nimeamua kuwasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani (wameshaitia chumvi mpaka hailiki).

Kampuni moja ya watalii mjini Kigoma ilinipa siku ya majaribio: nimtembeze Mzee Nasoro, mgeni kutoka Oman anayeongea Kiswahili kunishinda mimi, nikifanya vizuri nipate kazi. Nimpeleke kwenye gofu la nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu wa zamani, kuta za udongo zimebaki nusu. Sasa historia yake siijui, na badala ya kumuuliza Bi Tausi, mwenye gofu, anayekaa ubavuni mwake, nikatazama kwenye simu video ya ngome kongwe ya pwani ya Oman, nikaikariri yote. Nikajisemea, ujenzi wa Waarabu si uleule tu!

Kesho yake nilitiririka jamani! Kichuguu cha pembeni nikakiita mnara wa mizinga, shimo la takataka likawa kisima cha askari waliozingirwa, na tulipoingia chumba chenye vifereji sakafuni nikashusha sauti: "Hapa walipanga magunia ya tende, asali yake ikachuruzika humu, wakaichemsha na kuwamwagia maadui langoni."

"Tende? Ujiji?" akauliza Mzee Nasoro.

"Tele!" (Tende zenyewe nazionaga Ramadhani, ndani ya boksi.)

Ningeishia hapo. Wapi! Nikamwonyesha tundu chini ya ukuta, nikasema ndicho kilango cha siri, adui akipita ameinama anakatwa kichwa, na ili aelewe vizuri nikapiga magoti nikajipenyeza. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikagoma. Mbele siendi, nyuma sirudi, suruali ikapasuka, na kuku wananikodolea macho.

Bi Tausi akatokea upande wa kuku, mwiko mkononi. "We kijana, unatafuta nini kwenye banda langu?"

"Anatafuta maadui, bibi," akajibu Mzee Nasoro kule nyuma, anacheka mpaka anakohoa.

Waliponinasua, Mzee Nasoro alikuwa hacheki tena. "Mwanangu, ngome uliyonisimulia iko mjini kwetu, nimeichezea utotoni. Huku nimekuja kutafuta alikoishi babu wa baba yangu. Hakurudi."

Aibu ya suruali ikawa si kitu. Nikasema, "Nisamehe mzee. Nyumba hii siijui hata kidogo."

Bi Tausi akanipa khanga nijifunge, kisha akatuongoza yeye. Mzinga haujawahi kuwepo. Hapa baraza ya wageni, hapa ua, hapa ghala la vitambaa na chumvi ya Uvinza, na kwenye vifereji mama yake alikuwa akikamua mawese. Kwenye chumba kisicho na dirisha akasimama. "Humu walifungiwa watu, kabla ya kupelekwa pwani kuuzwa." Mzee Nasoro akagusa ukuta, kisha akamuuliza kama amewahi kusikia habari za babu wa baba yake.

Huyo babu Bi Tausi hakumfahamu, ila aliahidi kuulizia kwa wazee wa Ujiji, na mpaka leo wanapigiana simu, wameshapata jina la mke wa babu huyo. Na kazi nikapata! Mzee aliwaambia kampuni kwamba nilichelewa kusema kweli, lakini niliisema.

Nimeapa: nisichokijua nasema sijui, kisha nabisha hodi kwa wenyewe.