Gunia Moja, Matumbo Mawili

Ile siku shangazi yangu alipotazama yai likivunjwa mbele ya watu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nilikuwa na njaa na viatu vya kuazima, sikuona mengi. Siku ya yai niliona kila kitu, na sikuelewa hata kimoja.

Nakuandikia kwa sababu ya picha uliyonitumia jana: gunia la mashudu ya pamba limeegemea banda lako jipya la kuku huko Bariadi mjini, na chini yake umeandika, "Baba, hii protini ya kutosha, kuku watataga mpaka waombe likizo." Nilicheka, halafu nikamwonyesha mama yako. Yeye hakucheka. Alisema, "Mwandikie mwanao," akarudi kuchambua mboga zake. Basi tafuta pa kukaa.

Unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Nkoma vijana wenzangu walishindana nani ameswaga ng'ombe hadi mnada wa mbali zaidi. Mimi nilijua kila kona ya uwanja wetu, na kona moja niliipenda zaidi kwa sababu jua lilichelewa kufika. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi na cheti, na sanduku, na maneno machache ya Biolojia. Babu yako Maduhu akaniuliza, "Haya Masanja, umesoma. Sasa utaelekea wapi?" Nikamjibu kwamba sina safari. Alicheka mpaka akakohoa.

Hata mke nilitafutiwa. Shangazi zangu ndio waliokwenda Sola, wakarudi na habari za binti anayeitwa Minza, na mimi nikakubali nikiwa nimekaa palepale. Mama yako alipokuja kuolewa alikuja na kuku wake wa mayai, wekundu, zawadi ya mama yake. Viini vya mayai yao vilikuwa vya njano iliyokolea, mtu anavivunja anatabasamu. Jioni ya kwanza aliwapigia mluzi wakamkimbilia, akanitania, "Hawa ndio ndugu zangu hapa ugenini. Ukiwatesa, umenitesa." Nikaahidi kuwatunza kisomi.

Neno "kisomi," mwanangu, ukilisikia mdomoni mwa mtu aliyetoka shule juzi, ficha kuku wako.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Majani yameisha, ng'ombe wa majirani mbavu zinahesabika, ila wa baba walikuwa wanang'aa. Siri yake ilikuwa mashudu ya pamba kutoka kiwanda cha kukamua mafuta, yale makapi ya mbegu. Baba alikuwa anawapa kila asubuhi. Mimi nikasimama zizini, mikono nyuma kama mkaguzi, nikatafakari. Kitabu kilisema protini hujenga mwili. Mashudu yana protini nyingi. Ng'ombe amejengeka. Basi na kuku atajengeka. Sasa hapo utakosea wapi?

Nikawajengea kuku banda zuri, nikawafungia humo wasipoteze nguvu kuzurura, nikawawekea mashudu na pumba kidogo. Minza alisimama mlangoni.

"Kwetu kuku wanatembea," alisema. "Wanachokonoa mchwa, wanaokota dagaa walioanguka."

"Mchwa ni mambo ya kishamba," nikamwambia, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kulala nje ya kijiji isipokuwa bwenini. "Protini ni protini, Minza. Mwili hauulizi imetoka wapi."

Alinitazama, akasema, "Haya, mwalimu," akaniachia banda langu.

Mambo yakaanza kuharibika polepole. Kuku walianza kunyofoana manyoya. Mayai yakapungua, na yaliyotagwa yakawa madogo. Nikaona dawa ni kuongeza mashudu. Nikaongeza, na mayai yakazidi kupungua. Nikaenda kumtazama ng'ombe: anang'aa. Nikarudi kwa kuku: mgongo uko wazi. Gunia ni lilelile, mkono uliochota ni uleule. Ilifika mahali nikawa naongea nao. Nilimwuliza mmoja, kwa heshima kabisa, nimemkosea nini. Alinigeuzia mgongo, na mgongo wenyewe ndio huo usio na manyoya.

Wakati huo tukapata habari kwamba Sengi Ngolo anakuja kutoka Mwamapalala. Sengi ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa dada mkubwa wa baba; neno lake kwenye ndoa za ukoo lilikuwa na uzito kuliko la mchungaji. Hakuwa miongoni mwa waliokwenda Sola, na jambo hilo lilikuwa bado linamkereketa. Alikuwa anakuja kumkagua mkwe. Minza akaanza kuweka akiba ya mayai. Kila lililotagwa alilipanga kwenye kikapu chenye pamba, akakisukuma chini ya kitanda penye ubaridi, na mgeni naye akachelewa, akachelewa tena.

Siku alipofika, akaketi kwenye kiti cha baba. Minza akapiga goti, akamsalimu kwa kumwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Inuka nikuone. Hm. Ndiye huyu?"

"Ndiye," baba akasema.

"Mwembamba."

Minza akaleta bakuli na kikapu palepale uwanjani, ili mgeni aone mayai yalivyo mengi. Akavunja la kwanza. Kiini kikaanguka kwenye bakuli kikiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Sina namna ya kiungwana ya kukuambia ilifanana na nini. Umewahi kuswaga ndama anayeharisha, unajua. Halikuwa na harufu, halikuwa bovu. Akavunja lingine, vilevile. Akavunja jingine, na hilo nalo.

Sengi akainama, akalitazama bakuli muda mrefu, kisha akamtazama Minza badala ya bakuli.

"Kuku hawa wametoka wapi?"

"Sola, mayu. Kwa mama."

"Na huku kuku wetu walikuwa wanataga hivi?"

"Hawakuwa hivi," baba akakiri.

"Basi," akasema Sengi, akajifunga khanga vizuri. "Kitu kimeingia kwenye mji huu na kimeingia na mtu. Mimi sitaji jina. Waitwe watu wa Sola waje wachukue kuku wao, na kilichokuja na kuku kiondoke na kuku."

Mwanangu, unaelewa alichosema. Siku hizi mnacheka mkisikia maneno kama hayo, lakini mwanamke akirudishwa kwao na neno la uchawi mgongoni, hakuna kijiji atakachofika neno lisimtangulie. Minza aliinuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, sijawahi kuisikia tena vile.

"Kuku wangu walikuja wazima, mayu. Kama wana kitu, wamekikuta hapa."

Akaingia ndani, nikasikia sanduku likivutwa. Na mimi je? Nilikuwa nimesimama na kuangalia bakuli. Kichwani nilikuwa nahangaika: pengine ni moshi, pengine ni dawa ya pamba, pengine ni chuma cha kile kitanda. Nilitaka kujua yai limefanyaje. Baba akanishika bega, akanivuta hadi zizini, tukasimama kati ya ng'ombe wake wanaong'aa.

"Umeliangalia yai," alisema.

"Ndiyo, baba. Sielewi kwa nini..."

"Nyamaza. Umeangalia kuku mwezi mzima, sasa unaangalia yai. Mke wako yuko ndani anafunga nguo, na wewe hujageuza hata shingo. Huelewi yai? Hata mimi sielewi. Lakini mtu aliyekuja kwetu kwa miguu yake, tukamkaribisha, huyo hatumrudishi kwa jambo tusilolielewa. Chukua baiskeli. Nenda Bariadi kwa watu wa mifugo. Ngolo nitakaa naye mimi."

Nilienda kwanza ndani. Nikamwambia Minza, "Nasafiri." Akaacha kukunja nguo, akanitazama kama mtu aliyeambiwa mbuyu umehama.

"Wewe? Wapi?"

"Bariadi. Usiondoke kabla sijarudi."

"Wewe usafiri," alisema, na machozi yake yakachanganyika na kicheko. "Basi nisubiri nione."

Nikapakia mayai mawili kwenye kopo lenye pamba, nikanyonga baiskeli. Sikuelezi vumbi. Ofisini nilimkuta afisa mifugo, dada mmoja kijana aliyekuwa anakula muhogo. Alivunja yai kwenye kifuniko, akalitazama, akaniuliza swali moja: "Mnawalisha nini?"

Nikamweleza kwa majivuno kidogo, nikataja protini mara nyingi. Akaweka muhogo chini.

"Kaka, umewalisha kuku chakula cha ng'ombe."

"Lakini ng'ombe wamenenepa!"

"Kwa sababu ng'ombe ana jiko tumboni. Mle ndani kuna vidudu vidogo sana, visivyoonekana. Unampa mashudu, vyenyewe vinayavunja, vinatengeneza protini upya, halafu ng'ombe anakula vilichotengeneza. Na ile sumu ya mbegu ya pamba, ng'ombe mkubwa anaimudu, vile vidudu vinaipunguza nguvu. Kuku hana jiko. Ulichomwekea ndicho hichohicho."

"Si nimemwekea protini?"

Akavuta pumzi. "Unajenga nyumba. Unahitaji miti, udongo na nyasi. Mimi nakuletea miti, miti, miti. Utaezeka kwa nini?"

"Sitaezeka."

"Protini nayo imejengwa kwa vipande. Vinaitwa asidi amino. Viko vya aina nyingi, na kuku vingine hawezi kujitengenezea. Kimoja kinaitwa laisini. Mashudu ya pamba yana laisini kidogo, na hiyo kidogo sumu yake inaishika, kuku haipati. Umemletea miti ya nyumba tatu, analala nje. Na sumu hiyohiyo ndiyo inayobadili rangi ya kiini, hasa yai likikaa."

"Dawa yake?"

"Acha hayo mashudu. Wafungulie watembee. Mahindi, majani, mchwa, dagaa. Kwenye dagaa ndiko kuna nyasi zako. Na usimpe mtu yeyote hayo mayai ale."

Nilirudi nikirudia maneno yale njia nzima ili yasinitoke, na bado yalinitoka. Pale uwanjani, mbele ya Sengi, baba na Minza aliyesimama mlangoni, nilieleza kwamba ng'ombe ana jiko la miti tumboni na kuku ana sumu ya nyasi. Nikajisahihisha, nikaharibu zaidi.

"Ngoja," Sengi akasema. "Unasema ng'ombe ana wapishi ndani?"

"Ndiyo, Sengi. Wadogo."

"Na umeendesha baiskeli mpaka Bariadi kuambiwa hivyo."

"Ndiyo."

Akamgeukia baba. "Maduhu, mwanao amepigwa na jua."

Lakini baba akasema, "Basi tuwape kuku chakula hicho tuone. Yai la njano likitoka, mashudu ndiyo yenye kosa. Lisipotoka, tutaongea. Wewe Ngolo ukae uone kwa macho yako, usije ukasema tumebadilisha."

Sengi akakaa. Nadhani alikuwa na shauku kuliko sisi. Minza alifungua banda, kuku wakatoka wakiyumba kama wafungwa, na alipopiga mluzi walimfuata. Kila siku alibomoa kichuguu kidogo, akawatwangia dagaa. Siku zikapita, mayai yakatoka bado yana ubaya. Mimi nilikuwa silali. Minza alikuwa hafungui sanduku. Asubuhi moja nikamkuta Sengi mwenyewe amechuchumaa nyuma ya jiko, anawarushia kuku dagaa kutoka kwenye kiganja na kuwagombeza wenye pupa. Aliponiona akasema, "Nini? Wanasumbua."

Manyoya yakaanza kuota. Halafu ikaja siku Minza akavunja yai kwenye bakuli lilelile, palepale uwanjani, na kiini kikaanguka cha njano. Akavunja lingine, likawa la njano. Tukamtazama Sengi wote. Hakuomba radhi, mwanangu, wazee wetu hawakulelewa hivyo. Alisogeza kiti, akamwambia Minza, "Ng'wana wa Sola, kaanga hayo. Weka chumvi kiasi. Na ukakunjue hizo nguo zako, zinapata mikunjo."

Alikula yote, na alipoondoka alibeba jogoo wa Minza kwapani.

Sasa nikuambie nilichotaka kukuambia, maana mama yako anauliza kama nimemaliza. Hilo gunia lipeleke kwa mtu mwenye ng'ombe wakubwa, na ndama asilishwe. Usiseme protini ni protini; mimi nilisema, na hadi leo siwezi kukueleza vizuri vidudu vya tumboni vinafanyaje kazi, ila najua kuku hana. Kila mnyama uliza kwanza tumbo lake likoje, kisha uliza chakula kina vipande gani na kimekosa kipi. Wafungulie kuku wako watembee. Na nyumba yako ikipata jambo usilolielewa, tafuta kwenye gunia kabla hujatafuta kwa mtu. Kama bado hujaelewa, mshike mkono yule anayelaumiwa kwanza, maswali yatakusubiri. Mimi nilimwona mama yako baada ya kuliona yai. Wewe ukimwoa wako, mwone kabla.

Dagaa wako nyuma ya mlango, mama yako amekufungia mwenyewe. Njoo uwachukue, mimi sina safari.

Mungu akupe banda lenye kelele, viini vya njano, na mtu wa kukuambia "Haya, mwalimu" halafu asiondoke. Awaongezee kuku wako manyoya na wewe akuongezee subira. Amina.