Gia ya Tatu Haikai

Karakana nzima ilimwita Dada Chuma, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwembamba, vidole vyake vimeingia weusi wa grisi ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma kwenye mashine kuukuu, ndefu kama vitanda viwili vilivyoungwa, na mashine hiyo ilikuwa imeanza kuumwa.

Ukiweka gia ya tatu inashika vizuri, chuma kinazunguka, lakini kisu kikianza kuuma kwa nguvu tu, tak, gia inachomoka yenyewe. Chuma kinasimama kikiwa na kovu. Vyuma vitatu viliharibika wiki moja. Dada Chuma akabadilisha springi ile inayousukuma mkono wa gia ukae mahali pake. Siku mbili ikatulia, ya tatu ikarudia. Akaweka springi ngumu zaidi. Yakawa yale yale.

Mwenye karakana, mzee asiyependa maneno mengi, akamwita pembeni.

"Mwanangu, hii imezeeka. Jumatatu anakuja mtu wa vyuma chakavu."

"Nipe mpaka Jumamosi, mzee."

"Jumamosi si mbali."

"Ndiyo maana nimeomba hiyo."

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuifungua giaboksi ya mashine ile mpaka chini. Walimwita Mrefu, kwa sababu kila mlango ulimwinamisha. Yeye na Dada Chuma walikereza chuma bega kwa bega miaka sita, kisha Mrefu akapata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha kutengeneza meli. Kabla ya kuondoka alikwenda nyumbani kwa Dada Chuma, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akasema, "Twende wote. Kule wanatafuta wakerezaji."

Mwaka huo mama yake Dada Chuma alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto umelala, na mtoto wake wa pekee alikuwa Dada Chuma. Akajibu kwamba hawezi. Mrefu hakuuliza mara ya pili. Zikaja salamu za mwaka mpya, baadaye hazikuja tena. Ilikuwa imepita miaka tisa. Namba ya Mrefu, Dada Chuma hakuwahi kuifuta, wala kuipiga.

Alhamisi, saa ya chakula, wenzake walipotoka, akakaa juu ya kasha la boliti akapiga.

"Mrefu. Ni mimi."

"Dada Chuma," sauti ikasema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni mashine. Gia ya tatu haikai."

Mrefu akacheka, kicheko kile kile cha puani, na Dada Chuma akaisogeza simu mbali na sikio kwa muda mfupi, kama mtu aliyeguswa na sufuria ya moto.

"Umeshabadilisha springi," Mrefu akasema.

"Mara mbili."

"Springi haina kosa. Unampiga mlinzi na mwizi yuko ndani. Chukua mtaimbo, isukume shafti inayobeba gia kwa urefu wake. Inacheza?"

Akaenda, akasukuma, akarudi. "Inacheza. Kama unene wa ukucha."

"Basi ndiyo hiyo. Shafti inatembea, inaivuta gia nje. Nyuma ya beringi ya kushoto kuna washa, ile pete bapa ya kuibana isitembee, itakuwa imelika." Akashusha sauti. "Hiyo washa niliikata mimi, kwa bati la kopo. Wiki ile ya mwisho. Nilikuwa nitengeneze ya shaba, halafu sikuwa tena na kichwa cha kazi."

"Bati la kopo limevumilia miaka tisa?"

"Hatukuliambia kuwa ni la muda."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mtoto, kwa lugha ambayo Dada Chuma hakuijua. Mrefu akajibu kwa lugha hiyo hiyo, polepole, kwa upole.

"Binti yangu," akasema. "Anataka nimfunge viatu. Mama hajambo?"

"Yupo. Anakula, anagomba."

"Nisalimie." Hakukata. "Dada Chuma, siku ile..."

"Mrefu, kamfunge mtoto viatu."

Akakata yeye.

Ijumaa alimwaga oili, akafungua giaboksi kipande kwa kipande, akavipanga juu ya gunia kwa mfuatano aliovitoa. Bati lilikuwapo, limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu, limechanika upande mmoja. Hakulitazama sana. Alilitupa kwenye pipa pamoja na takataka nyingine za chuma, akatafuta kipande cha shaba. Kukereza washa mpya kulimlazimu airudishe mashine bila washa na kuiendesha kwa gia ya kwanza, ambayo bado ilishika, taratibu kama anayemtembeza mgonjwa. Kisha akaifungua tena. Alipiga tupa, akapima, akapiga tupa tena. Mpaka jioni shafti ilikuwa haichezi.

Jumamosi asubuhi mzee alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Dada Chuma akaweka gia ya tatu, akazamisha kisu kuliko kawaida. Mashine ikaunguruma, na maganda ya chuma yakatoka marefu, ya buluu, yakijiviringa. Gia haikuruka.

"Basi huyo wa chakavu nitamwambia asije," mzee akasema, akaenda zake.

Dada Chuma alitegemea kufurahi zaidi ya alivyofurahi. Akamwandikia Mrefu neno moja: *Imekaa.* Jibu lilimkuta getini: *Kwako nilijua itakaa.* Akaandika mengi, akayafuta yote, akatia simu mfukoni.

Nyumbani alibandika maji ya kumwogesha mama, akaenda kumkalisha kitandani.

"Mrefu anakusalimu."

"Yule wa kuinama mlangoni?"

"Huyo. Ana binti sasa."

Mama alivuta shuka kwa mkono wake mzima. "Ukuta huu ni wa mbao," akasema. "Siku ile nilisikia akikuomba, nikasikia ukikataa. Nikanyamaza. Usidhani ni kiharusi, mwanangu. Mdomo ulikuwa na nguvu za kusema nenda. Niliogopa."

Dada Chuma alizitazama kucha zake.

"Ningekataa hata ungesema," akajibu.

"Pengine. Lakini ungekataa mbele yangu, tukalia wote wawili."

Akakaa kando ya mama yake, na kwa mara ya kwanza akamsimulia habari za Mrefu: alivyopiga mbinja akipima chuma, alivyombakishia nusu ya mkate kila siku akisingizia ameshiba. Mama akauliza hili, akauliza lile, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake miaka tisa. Maji ya kuoga yalichemka mpaka yakakauka nusu, ikabidi Dada Chuma aongeze mengine.