Sukuma Iliyoachwa Ichanue

Harufu ya jani la sukuma linapovunjwa shinani, ile kali inayobaki vidoleni hata baada ya sabuni, hunirudisha Kawangware kabla sijajizuia. Tulikuwa na kijishamba kando ya mto, nyuma ya nyumba za mabati, na mboga yake ndiyo iliyojaza sufuria yetu na kibanda alichouzia Mama pale mtaani Satellite. Mama, mzaliwa wa Kitui, alikuwa na namna yake ya kuchuma. Alitoa majani mawili ya chini kwa kila mche, akapita mstari mmoja leo na mwingine kesho, na pembeni akaacha miche mizee ichanue maua ya manjano. Hapo palikuwa na kelele mchana kutwa: nyuki, nzi wa maua, panzi, na vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi ambavyo nilivitembeza mkononi hadi vikaruka. Nilikuwa mtoto asiyetulia, na uchumaji ule wa polepole ulinichosha roho.

Nilipokuwa darasa la sita, Mama alienda kwao kuvuna pojo, akaniachia shamba na agizo moja. "Chuma za chini tu. Na hizo za maua usiguse, sawa?" Nikaitikia. Siku ya pili nilikuwa nimeshika kisu. Shuleni tulisifiwa kwa shamba safi, nami nilitaka Mama akirudi akute shamba linalong'aa, anisifu mbele ya majirani. Nilichuma kila jani nikabakiza vilele, nikafyeka maua yote, nikang'oa magugu, nikachoma takataka. Jioni palikuwa kimya, na nakumbuka niliufurahia ukimya ule.

Wiki ya tatu vilele vilianza kujikunja. Nilipogeuza jani nikakuta vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaofyonza utomvu, wamejazana kama unga uliomwagika. Niliwaosha kwa maji ya sabuni, nikawamwagia jivu, na asubuhi nikawakuta wengi zaidi. Mama aliporudi hakunigusa. Alipiga magoti akageuza jani baada ya jani, muda mrefu, akitafuta kitu. "Wale wekundu ndio huwala hawa," akasema. "Umewabomolea nyumba, na hata notisi hukuwapa." Nilitamani ardhi inimeze. Mchuma janga hula na wa kwao: tuling'oa miche yote, kibanda kikafungwa, na Mama akaanza kuzunguka mitaani akitafuta nguo za watu za kufua.

Siku hizi naishi mtaa wa Sarang'ombe, na shamba langu ni magunia manne ya udongo mlangoni. Kando ya mto ule wa Kawangware watu hukata mashina yote kwa siku moja na kupiga dawa, na mara ya mwisho nilipopita sikusikia hata nyuki. Mimi huacha gunia moja lichanue. Juzi binti wa jirani alikuja na kisu. "Auntie, hii imezeeka, si nikukatie?" Nilimpokonya kisu kwa ukali hadi nikaona aibu. Kila asubuhi nageuza majani kabla ya kuchuma, nikitafuta mgongo mwekundu. Nikiuona mmoja, ndipo roho hutulia kidogo. Mama hakuwahi kunilaumu tena. Lakini kile kibanda hakikufunguliwa tena, na hadi nilipomaliza shule mikono yake ilinuka sabuni, si sukuma.